Jazi ya zamani katika ibada ya ndoa: tuchague rekodi, tusichague jina la wimbo pekee

Ndugu zangu, salaam.

Dada mmoja anayejiandaa kufunga ndoa mwezi Desemba ameomba hapa orodha ya nyimbo za jazi ya zamani zitakazopigwa tangu wageni wanapoketi hadi maharusi wanapotoka, na majibu mengi aliyopata ni majina matupu ya nyimbo. Nimeona heri nifungue uzi wa peke yake, kwa sababu muziki huu naupenda, nimekuwa nikiwasaidia ndugu na marafiki kuchagua muziki wa ndoa zao, na naamini kwamba katika jazi jina la wimbo halimwambii mtu karibu chochote kuhusu kitakachosikika siku yenyewe. Wimbo mmoja umerekodiwa na wanamuziki wengi mno, huyu akiupiga taratibu kwa piano na besi, yule akiukimbiza na bendi ya watu kumi na tano, mwingine akiuacha kabisa ulivyotungwa na kubuni tuni yake mwenyewe juu ya msingi wa wimbo uleule. Ukimwandikia DJ jina peke yake, atapakua rekodi itakayotokea ya kwanza kwenye simu yake, na bibi harusi ataingia kwa mwendo ambao hakuna aliyeupanga.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako, dada, ni kwamba kila unapoandika wimbo, andika pia mwimbaji au kiongozi wa bendi, mwaka wa kurekodiwa, na urefu wake kwa dakika na sekunde. Hayo manne yakikamilika, hakuna atakayekosea.

Nikisema jazi ya zamani, nakusudia muziki uliorekodiwa Marekani, na kwa kiasi fulani Ufaransa, kati ya mwaka 1925 na miaka ya mwanzo ya 1960. Nimeanzia 1925 kwa sababu ndio mwaka ambao kampuni kubwa za santuri zilianza kurekodi kwa maikrofoni za umeme. Kabla ya hapo wanamuziki walijikusanya mbele ya pembe kubwa iliyopeleka sauti moja kwa moja kwenye sindano ya kuchonga, na sauti nyingi nzito na nyembamba zilipotea njiani. Rekodi ambazo King Oliver na Creole Jazz Band yake, pamoja na kijana Louis Armstrong, walizifanya mwaka 1923 katika mji wa Richmond, Indiana, ni hazina kubwa ya historia, nami huzisikiliza kwa heshima nikiwa nimetulia nyumbani, lakini ukizipitisha kwenye spika kubwa za uwanjani wageni watasikia mkwaruzo zaidi ya muziki. Hizo tuziache kwa siku nyingine.

Sasa tuje kwenye urefu, jambo ambalo watu hulisahau hadi asubuhi ya harusi. Rekodi nyingi za miaka ya 1920 hadi 1940 zilitolewa kwenye santuri za inchi 10 zilizozunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri hiyo ulibeba muziki wa takriban dakika 3 tu. Wapangaji wa muziki walilazimika kuingiza kila kitu ndani ya kipimo hicho, yaani utangulizi mfupi, tuni nzima, mpigaji mmoja au wawili wa kuonyesha ustadi wao, mwimbaji kama yupo, na mwisho. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta santuri ya kucheza muda mrefu, ambayo upande wake mmoja ulichukua zaidi ya dakika 20, na ndipo waimbaji walipopata nafasi ya kupumua. Hii ndiyo sababu "Cheek to Cheek" aliyoiimba Ella Fitzgerald pamoja na Louis Armstrong mwaka 1956 inazidi dakika 5, ilhali santuri za miaka ishirini kabla yake huishia dakika ya tatu.

Maana yake kwako ni hii. Nenda kanisani, au mahali popote ndoa itakapofungwa, ukatembee njia ya katikati pamoja na mzazi au mlezi atakayekushika mkono, kwa mwendo uleule utakaotumia ukiwa na gauni na shela, huku mtu mwingine akipima muda kwa simu. Kisha pimeni muda wa wasimamizi, wapambe na watoto wa maua, kwa kuwa katika harusi zetu hao ndio wanaochukua dakika nyingi kuliko bibi harusi mwenyewe. Ikiwa msafara wote unachukua dakika 6, santuri moja ya zamani haitoshi, na kuirudia tangu mwanzo katikati ya safari kunasikika vibaya. Gawanya: wapambe waingie kwa rekodi moja, kimya kifupi kiwepo, wageni wasimame, halafu bibi harusi aingie kwa rekodi yake. Kile kimya usikiogope hata kidogo, kwa kuwa ndicho kinachowageuza watu wote watazame mlangoni.

Kuna jambo la pili linalotokana na desturi ya bendi za dansi za miaka ya 1930, nalo huwashtua wengi. Katika rekodi nyingi za wakati huo mwimbaji hakuanza mwanzoni. Ala zilipiga tuni nzima kwanza, kisha mwimbaji akaingia katikati, akaimba mara moja, akaziachia ala zimalize. Rekodi nyingi ambazo Billie Holiday aliimba na kundi la mpiga piano Teddy Wilson kuanzia 1935 zimejengwa hivyo. Kwa hiyo kama unataka maneno fulani yasikike mara tu unapotokea mlangoni, rekodi za namna hiyo hazikufai, kwa sababu maneno yatakuja ukiwa umekwisha kufika mbele. Lakini mpango huohuo unaweza kuwa baraka ukiutumia kwa makusudi. Katika "My One and Only Love" ya John Coltrane na Johnny Hartman, iliyorekodiwa mwaka 1963, saksafoni ya Coltrane hupiga wimbo wote bila mwimbaji kwa karibu dakika mbili, kwa sauti tulivu ambayo wengi hawaitarajii kwake, ndipo Hartman anaanza kuimba kwa ile sauti yake nzito. Msaidizi mmoja akipewa saa mkononi, wapambe wanaweza kumalizika wakati saksafoni inamaliza, na mlango ukafunguliwa kwa neno la kwanza la Hartman. Sijui mpango mwingine katika jazi nzima unaoheshimu kuingia kwa bibi harusi kuliko huu, na kama ningelazimishwa kutaja rekodi moja tu katika uzi huu, ningeitaja hiyo.

Kwa anayetaka kuingia bila maneno kabisa, nina mapendekezo mawili. La kwanza ni "Moonlight Serenade" ya bendi ya Glenn Miller ya mwaka 1939, ambayo klarineti inaongoza juu ya saksafoni kwa mwendo wa taratibu, na kwa kuwa inajulikana duniani kote, hata wageni wasiosikiliza jazi wataitambua. La pili, ambalo mimi nalipenda zaidi, ni "Li'l Darlin'" ya bendi ya Count Basie ya mwaka 1957, utunzi wa Neal Hefti. Wimbo huu una mwendo wa polepole kiasi kwamba kila hatua ya mguu inapata pigo lake, na bendi nzima ya matarumbeta na matromboni inapiga kwa upole kana kwamba inaogopa kumwamsha mtoto. Uzuri wake mwingine ni kwamba ni mrefu kuliko santuri za zamani, unakaribia dakika 5, kwa hiyo unaubeba msafara wote bila kukatwa.

Wakati wa kutia saini vyeti vya ndoa ni sehemu ya ibada ambayo watu huipuuza, ilhali ndiyo nafasi bora ya muziki wa kusikilizwa. Maharusi, wasimamizi na mashahidi wameinama mezani, wageni hawana la kufanya, na dakika 5 hadi 10 zinapita. Hapa ndipo ningeweka "In a Sentimental Mood", ile ya mpiga piano na kiongozi wa bendi Duke Ellington pamoja na John Coltrane ya mwaka 1962, inayoanza na noti chache za piano zinazojirudia kabla saksafoni haijaingia. Ellington aliutunga wimbo huo mwaka 1935, na rekodi za kwanza za bendi yake ni nzuri, lakini hiyo ya 1962 ina utulivu ambao mtu yeyote ndani ya jengo ataacha kuzungumza ili ausikie. Baada yake unaweza kuweka "The Nearness of You" ya Ella na Louis kutoka albamu yao ya mwaka 1956. Albamu hiyo ilirekodiwa kwa siku moja mwezi Agosti mwaka ule, Oscar Peterson akipiga piano, Herb Ellis gitaa, Ray Brown besi na Buddy Rich ngoma, na hakuna mahali ndani yake ambapo mtu anapiga kelele. Kwa wanaopanga ibada fupi ya bustanini, albamu hiyo peke yake inatosha kuwaketisha wageni na kusindikiza saini.

Kuketi kwa wageni kusikusumbue sana. Chagua muziki usiodai kusikilizwa: piano ya Teddy Wilson, ile "Misty" ya Erroll Garner ya mwaka 1954, au rekodi za Quintette du Hot Club de France, kundi lililoanzishwa Paris mwaka 1934 likiwa na Django Reinhardt kwenye gitaa na Stéphane Grappelli kwenye fidla. Kundi lile la awali lilikuwa la nyuzi tupu, magitaa matatu, fidla na besi, bila ngoma wala tarumbeta, kwa hiyo halizimi mazungumzo ya watu wanaosalimiana baada ya miaka mingi ya kutoonana.

Kutoka, kinyume chake, kunataka furaha isiyojificha. Mimi husema "Take the 'A' Train" ya bendi ya Ellington ya mwaka 1941, utunzi wa Billy Strayhorn, kwa sababu ile piano ya mwanzoni ni ishara ambayo kila mtu anaielewa: jambo limekwisha, tutoke. Wengine hupendelea "On the Sunny Side of the Street" ya Lionel Hampton ya mwaka 1937, ambayo Johnny Hodges anapiga saksafoni. Yapo pia mapendekezo ya "April in Paris" ya Count Basie ya mwaka 1955, nami nayaunga mkono kwa tahadhari moja: wimbo huo unaonekana kuisha, kisha Basie anaiagiza bendi irudie mwisho, na baadaye anaagiza tena. Mwambie DJ mapema asiuzime pale wageni watakapoanza kupiga makofi, maana utamu wake uko hapo hapo.

Sasa nizungumzie maneno ya nyimbo, na hapa naomba tusomane kwa makini. Nyimbo nyingi zinazopendwa za jazi zilitoka katika tamthilia za muziki za Broadway na filamu za Hollywood, ambamo kila wimbo uliandikwa kwa ajili ya mhusika fulani katika hali fulani, na hali hiyo mara nyingi ilikuwa upweke, kuachwa, au kumngoja mtu ambaye hajaja. Sauti ni tamu, saksafoni inabembeleza, na kwa sababu wengi wetu hatufuatilii maneno ya Kiingereza cha miaka ile, tunadhani ni wimbo wa ndoa. "Stardust" ya Hoagy Carmichael ni kumbukumbu ya mapenzi yaliyopita. "These Foolish Things" ni orodha ya vitu vinavyomkumbusha mtu mpenzi asiyekuwapo tena. "Autumn Leaves" ni ya kutengana. "Ev'ry Time We Say Goodbye" ya Cole Porter jina lake linajieleza. "My Funny Valentine", ambayo huombwa mno kila Februari, ilitoka katika tamthilia ya mwaka 1937 na inamtania mpenzi kwa sura na umbo lake kabla ya kumwambia asibadilike. Wapo maharusi wanaoichukulia kwa upendo, lakini wapo mama wakwe ambao hawataichukulia hivyo. Mbaya kuliko zote ni "Makin' Whoopee" ya mwaka 1928, ambayo inaanza na bibi harusi, bwana harusi na kanisa, watu wakadhani wamepata, kumbe mwisho wake mume anatangatanga nje ya nyumba na hakimu anamwamuru amtunze mke aliyeachika.

Kwa hiyo soma maneno yote hadi mstari wa mwisho, au umwombe mtu anayeijua lugha hiyo vizuri akueleze. Nyimbo ambazo zimesimama imara kwa maneno yake zipo, tena nyingi: "The Way You Look Tonight" ya Jerome Kern na Dorothy Fields, iliyopata tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1936, "It Had to Be You" ya mwaka 1924, ambayo inakiri kwamba mpenzi ana kasoro zake na bado anachaguliwa yeye, na "Our Love Is Here to Stay", utunzi wa mwisho wa George Gershwin kabla hajafariki mwezi Julai 1937 akiwa na umri wa miaka 38, ambao kaka yake Ira aliumalizia maneno. Huo wa mwisho unasema kwamba milima inaweza kubomoka lakini upendo huu utabaki, nami sioni ni nini zaidi ambacho mtu angetaka kusema mbele ya mashahidi. "At Last" pia ni salama. Wengi wanaijua kwa Etta James wa mwaka 1960, lakini ilitungwa mwaka 1941 na bendi ya Glenn Miller iliipatia umaarufu mwaka uliofuata. Ukitaka ladha ya zamani kweli, sikiliza zote mbili ndipo uamue.

Kuna njia ya kuokoa wimbo wenye maneno ya huzuni, nayo ni kuchukua rekodi isiyo na mwimbaji. "Body and Soul" ni kilio cha mtu aliyekataliwa, lakini rekodi ya Coleman Hawkins ya Oktoba 1939 haina neno hata moja, na baada ya sehemu ya mwanzo Hawkins anaiacha tuni yenyewe na kubuni nyingine juu ya msingi wake kwa dakika 3 za ufundi ambao wapiga saksafoni wanausoma hadi leo. Ningeiweka wakati wa saini bila wasiwasi.

Kuhusu kanisani. Kabla hujalipia chochote, mwone padri au mchungaji na kiongozi wa kwaya, uwapelekee orodha yako. Parokia nyingi za Kikatoliki haziruhusu nyimbo za mapenzi za kidunia ndani ya misa, hata zikipigwa kwa ala tupu, na makanisa mengine yana taratibu zao. Usiende kubishana; nenda na pendekezo linaloweza kukubalika. Ellington aliwahi kutunga muziki wa kumwomba Mungu. "Come Sunday" ilikuwa sehemu ya utunzi wake mrefu uliopigwa mara ya kwanza Carnegie Hall, New York, Januari 1943, na mwaka 1958 Mahalia Jackson, mwimbaji mkuu wa injili wa wakati wake, aliiimba akiwa na bendi ya Ellington. Ni sala halisi, inayomsihi Mungu awaangalie watu wake. Mwaka 1965 Ellington alifanya onyesho lake la kwanza la muziki mtakatifu katika kanisa kuu la Grace mjini San Francisco, na Mary Lou Williams, mpiga piano aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1957, alitunga misa za jazi, mojawapo ikaimbwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, New York, mwaka 1975. Kiongozi wa ibada akielezwa haya kwa heshima, mara nyingi moyo wake hulainika, na asipokubali, jazi itasubiri bustanini au ukumbini bila madhara yoyote. Ndoa ikifungwa msikitini jambo hili halihusiki, na kwa ndoa ya bomani muda ni mfupi mno, kwa hiyo chagueni rekodi moja tu ya kutokea, mlangoni, kwa ruhusa ya ofisi.

Neno la mwisho kwa sehemu hii ni la sauti. Rekodi hizi nyingi zilifanywa kwa njia moja ya sauti, na spika zetu za harusi zimepangwa kwa muziki wenye besi ya kutikisa viti. Mwombe fundi apunguze besi, aweke spika ndogo mbili pembeni badala ya kubwa moja mbele, na apate rekodi zilizosafishwa vizuri na kampuni zinazozimiliki, si zile zilizonakiliwa mara nyingi kwenye simu. Jaribuni siku moja kabla, mlango ukiwa wazi kama utakavyokuwa, kwa sababu kanisa tupu lenye sakafu ya vigae linavuma.

NYONGEZA YA KWANZA

Ndugu aliyeuliza kama ni bora kukodi wanamuziki wa kupiga moja kwa moja: ndiyo, kama bajeti inaruhusu, na wala huhitaji bendi kubwa. Piano, besi na saksafoni vinatosha kwa ibada. Faida yake kubwa si fahari bali ni muda. Nyimbo nyingi za aina hii zimejengwa kwa vipimo 32, kila kipimo kikiwa na mapigo manne, yaani mapigo 128 kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua dakika 2 na sekunde chache. Kwa mapigo 120, unachukua nusu ya muda huo. Wanamuziki wa jazi wamezoea kuzunguka mara watakavyo na kuishia mwisho wa mzunguko wowote, kwa hiyo msafara ukichelewa watoto wakigoma kutembea, wanaongeza mzunguko, na bibi harusi akifika mbele mapema, wanamalizia kwa ustaarabu. Rekodi haiwezi kukufanyia hivyo.

Mambo mawili uwaambie kabla. Kwanza, wapewe majina ya nyimbo na rekodi unazozipenda ili wajue mwendo unaoutaka, maana mpiga saksafoni hodari akiachwa peke yake anaweza kuongeza kasi bila kujua. Pili, ubunifu wao wauelekeze kwenye kuketi kwa wageni na wakati wa saini. Kwenye kuingia kwa bibi harusi waombe wapige tuni kama ilivyo, ili wageni waitambue. Hakuna mwanamuziki mzuri atakayechukizwa na ombi hilo.

NYONGEZA YA PILI

Mkuu mmoja ameeleza kwamba kwao, mzee wa kamati aliposikia jazi, alifurahi na kusema ataleta nyimbo za Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na O.K. Jazz. Simlaumu mzee hata kidogo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Joseph Kabasele alianzisha African Jazz kule Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, mwaka 1953, na O.K. Jazz ya Franco ikafuata mwaka 1956. Hizo ndizo jazi ambazo wazee wetu walichezea dansi, na walifunga ndoa zao kwazo. Ila muziki wa bendi hizo una msingi wa rumba, na rumba inawainua watu kwenye viti. Ukiuweka ndani ya ibada, wageni watacheza kabla padri hajamaliza kubariki. Ushauri wangu kwa dada ni kumpa mzee huyo saa nzima ya ukumbini baada ya chakula, atangazwe kwa jina, achague yeye mwenyewe, na ibada ibaki na jazi ya taratibu. Hapo hakuna atakayeona amenyimwa.

NYONGEZA YA TATU

Kuhusu matarumbeta ya kusindikiza magari baada ya ibada, nimefurahi sana swali hili limeulizwa, kwa kuwa hapa ndipo desturi yetu na ya New Orleans zinapokutana bila kulazimishwa. Kule maharusi hutoka kanisani wakifuata bendi ya matarumbeta barabarani, wakiwa na miavuli, na wageni wakipunga vitambaa nyuma yao. Kwetu bendi hupanda gari la wazi na kuuongoza msafara hadi ukumbini. Kama bendi mliyoikodi inajua "When the Saints Go Marching In", mnaweza kuiomba, lakini fahamuni kwamba kule New Orleans wimbo huo hupigwa pia kwenye mazishi, msafara unaporudi kutoka makaburini, na kwamba "Just a Closer Walk with Thee" ni wimbo wa kumsindikiza marehemu, kwa hiyo huo wa pili msiuombe kabisa, hata kama tuni yake inawavutia. Mkitaka kitu kisicho na kivuli hicho, mpeni kiongozi wa bendi rekodi ya "On the Sunny Side of the Street" niliyoitaja juu wiki chache kabla, awafundishe vijana wake tuni yake peke yake. Ni fupi, inajirudia, na tarumbeta tatu na ngoma moja zinaitosha.

Dada, ukishapata jibu la padri na urefu wa ile njia ya katikati, viandike hapa pamoja na idadi ya wapambe, nami nitakupangia orodha kamili yenye muda wa kila rekodi na nani atoe ishara ya kuanza.